Wageni Wasiopiga Hodi

Mama yangu alimkalia mzee wa kanisa. Nalisema mapema kwa sababu mtaa mzima wa Maisaka unalijua, na kila anayelisimulia anatia chumvi yake. Juzi tu mteja mmoja aliniambia, huku nikimpima kiuno, kwamba mzee wa watu alivunjika mbavu. Hakuvunjika kitu. Mama ni mwepesi, ukimbeba utadhani umebeba kapu la nguo chafu. Na yule mzee mwenyewe siku hizi akikutana nami sokoni hucheka kwanza, ndipo anipe salamu.

Siku yenyewe, lakini, hakuna aliyecheka. Kwa kumkalia mtu mara moja tu, mama nusura ahamishwe kwenye nyumba aliyoishi tangu mimi sijaota meno.

Niseme kwanza kwamba mimi ni fundi cherehani. Banda langu liko karibu na soko hapa Babati mjini, na ukiniuliza kazi yangu nitakuambia nashona, ila ukweli ni kwamba nadanganya macho. Mteja anakuja na kitambaa cha mistari, ananinong'oneza, "Fundi, nifanye nionekane mwembamba." Mistari naisimamisha iende juu na chini, ubavuni naweka kipande cheusi, mkanda naupandisha kidogo. Anajitazama kwenye kioo, anaona kiuno ambacho mimi na futi yangu ya kupimia tunajua hakipo, anaondoka anatembea kwa madaha. Nimefanya hivyo miaka mingi, na wakati wote huo niliamini kwamba macho yanayodanganyika ni ya wateja. Yangu mimi niliyaamini kuliko ninavyoamini futi.

Mama alikuwa anaishi peke yake, upande ule wa Maisaka ambako nyumba zinakwisha na mahindi yanaanza. Nyumba aliijenga baba, chumba baada ya chumba, kila mavuno mazuri ya mbaazi yakaongeza ukuta. Baba alifariki, kaka yangu mkubwa akahamia Dodoma kwenye kazi ya ofisini, mimi nikaolewa hapa hapa mjini. Mama akabaki na kuku wake, bustani ya mchicha, na macho yaliyoanza kumchoka.

Hayakuchoka kama macho ya watu wengine wanaosogeza gazeti mbali. Ugonjwa ulimla katikati ya macho, pembeni ukamwachia. Akikutazama usoni, uso wako unafutika. Kwa hiyo alijifunza kutazama kando: akitaka kukuona wewe, anatazama bega lako au ndoo iliyo nyuma yako. Mwanzoni nilidhani amenuna. Nilishawahi kumfokea, "Mama, mbona unaongea na mimi unatazama dirisha, nimekukosea nini?" Akanijibu taratibu kwamba dirisha halimhusu, ananitazama mimi, na kwamba nywele zangu zinahitaji kusukwa. Alikuwa sahihi kuhusu nywele.

Sasa mzee wa kanisa. Wiki ile kulikuwa na harusi upande wa Singe, yeye ndiye aliyeongoza nyimbo, na alivyo mtu wa kupenda kuimba, akarudi nyumbani hana sauti kabisa. Siku iliyofuata akaona apite kumjulia hali mama. Alikuta mlango uko wazi. Akapiga hodi, nami namwamini aliposema alipiga, ila hodi yenyewe ilitoka kama upepo wa tairi ya baiskeli. Mama alikuwa amesimama sebuleni. Akamwona: mwanaume mrefu, koti, kofia mkononi. Akamtazama kwa pembeni, hakusema karibu, hakusema chochote, akageuka akaenda jikoni. Mzee akafikiri, labda mama anaharakisha chai. Akaketi kwenye kochi kungoja.

Mama akarudi na ungo wa mbaazi za kuchambua. Akaja moja kwa moja hadi mahali pake pa siku zote, akageuka kama anavyogeuka kila siku, akajishusha polepole mapajani mwa mzee wa kanisa.

Mzee alipiga kelele kwa nguvu zake zote na hakusikiwa hata na sisimizi. Aliyesikika ni mama, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, kochi lilikuwa la moto. Mbaazi zikatawanyika sebule nzima. Jirani yetu anayeuza mboga akasikia yowe, akaja mbio na mwiko wa ugali mkononi, akamkuta mjane wa watu amepakatwa na mzee wa kanisa. Unafikiri yule jirani alichukua muda gani kufika barabarani?

Mimi nilipigiwa simu nikiwa na pini mdomoni. Nikapanda bajaji. Nilipofika, mzee alikuwa anakunywa chai ya tangawizi kwa aibu, jirani anaokota mbaazi huku masikio yamesimama, na mama yuko chumbani amejifungia. Nikaomba anifungulie. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anakunja pindo la khanga, analikunjua, analikunja tena.

"Mama, ulikuwa hujamwona?"

"Nilimwona."

"Sasa kama ulimwona, imekuwaje?"

"Hakupiga hodi," akasema.

"Alipiga, sauti ndiyo haikutoka. Na hata asingepiga, mtu si unamwona ameketi?"

Mama akatazama bega langu, maana yake alikuwa ananitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "mimi nina wageni ambao hawapigi hodi."

Akanieleza yote siku ile. Kwamba wanakuja hasa mchana, akiwa ameketi hana kazi mkononi. Wanaume wenye kofia, kofia nzuri za ukindu na za manyoya. Wanawake waliovaa magauni marefu. Watoto wafupi kuliko ndoo, wanapita mstari mmoja chini ya meza kama wanakwenda shule. Siku nyingine ng'ombe wenye madoa wanatoka ukutani, wanavuka sebule, wanaingia ukuta wa pili, hawaangushi hata kikombe. Siku nyingine ukuta wenyewe unaota maua kama kitenge. Hakuna anayeongea, hakuna anayenuka, hakuna anayemtazama. Mwanzoni aliwakaribisha, maana mtu akiingia kwako utafanyaje? Aliwamiminia chai. Chai ikapoa, vikombe vikabaki vimejaa, akavimwaga yeye mwenyewe nyuma ya nyumba kabla sijafika kumtembelea.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Hawa sasa, jembe hawashiki."

Ndipo akajitungia sheria yake. Mtu wa kweli hawezi kuingia nyumba ya mwenzake bila hodi, labda awe mwizi, na mwizi haji mchana na koti. Basi anayepiga hodi anaitikiwa karibu. Asiyepiga hodi, mpite. Akiwa amekaa mahali pako, mkalie, hatalalamika. Sheria ile ilifanya kazi vizuri sana, akaniambia, na kwa sauti yake ungedhani anajisifia, mpaka ilipofika siku ya mzee wa kanisa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Nikuambie nini? Kwamba mama yako amekuwa kichaa?"

Alisema huku anacheka, ila vidole vilikuwa vimelikamata pindo la khanga kama mtu anayeshikilia kamba ya mbuzi mkorofi. Nilimwonea huruma, nikajionea huruma na mimi, nikaona aibu pia, kwa sababu nilikuwa nakuja pale kila wiki, naviona vikombe vitatu vimeoshwa na kuanikwa, nafurahi kwamba mama hakosi wageni.

Habari zilifika Dodoma kabla hata mbaazi hazijaisha kuokotwa. Kaka akapiga simu jioni ile ile. Kaka yangu ni mtu mwema, ila ana tabia moja ya watu wa ofisini: akianza sentensi na "kwa hali ilivyo," ujue ameshaamua. "Kwa hali ilivyo," akasema, "mama hawezi tena kuishi peke yake. Nakuja Jumamosi ijayo na gari, tunamhamishia kwangu. Nyumba tutampangisha mtu."

Nilimpa mama simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nashukuru mwanangu, lakini siendi," akanirudishia. Nilimuuliza kwa nini hataki, nyumba ya kaka ina vigae, ina maji ndani, wajukuu wako pale. Akasema kwamba hapa ndipo kwake. Nikamwambia hilo najua. Akasema, "Kama unajua, mbona unauliza?" Mimi mwenyewe, kusema kweli, sikujua nisimame upande gani. Nilitaka abaki kwa sababu alitaka kubaki, na nilitaka aende kwa sababu kila nikiwa kwenye cherehani nilikuwa namwona anawamiminia chai ya moto watu wasiokuwepo.

Shangazi naye akatoka Singe kuja kutoa maoni yake. Shangazi ni dada wa baba, Jumapili hakosi kanisani, ila mambo ya wazee wa zamani hajayatupa yote. Alipoketi tu akatangaza kwamba hao ni marehemu wa ukoo wanaotaka kukumbukwa. Zifanyike sala, na baada ya sala, kimya kimya, achinjwe kondoo.

"Wifi," mama akamjibu, "marehemu wenu nawafahamu wote, tangu babu yenu. Kofia nzuri kama zile hawakuwa nazo."

Nilicheka nikapaliwa. Shangazi hakucheka. Akasema basi kama si marehemu ni kichwa, na kichwa kikiharibika hakuna fundi. Hapo mama akaanza tena kukunja khanga yake. Nikakasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, na zikija huwa zinanisaidia kufanya kitu. Siku iliyofuata nikafunga banda, nikampeleka mama kliniki ya macho.

Tulipokewa na muuguzi mmoja mwanamke, mpole, kijana kuliko mimi. Alimmulika mama macho, akamsikiliza. Sikutaka kuingilia, lakini niliingilia, nikamwambia mambo ya wageni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja ndugu aliyefungwa. Muuguzi hakushtuka hata kidogo. Akamuuliza mama leo ni siku gani, hapa ni wapi, nani amemleta. Mama akajibu yote, akaongeza na yeye la kwake: "Na wewe mwanangu, umeolewa?" Muuguzi akasema hapana. Mama akasema asiharakishe.

"Mama, hao watu unaowaona," muuguzi akauliza, "unaamini wako pale kweli?"

"Wangekuwa kweli wangepiga hodi."

Muuguzi akacheka, akanigeukia. Akasema kichwa cha mama ni kizima kuliko vichwa vingi vinavyopita hapo. Kilichoharibika ni macho, na ubongo unajaribu kusaidia. Hali hiyo inajulikana, huwapata watu wengi wanaopoteza uwezo wa kuona, na wengi wao hawasemi kwa sababu ile ile ya mama, wanaogopa kuitwa vichaa. Mama alikuwa anatazama kalenda iliyo nyuma ya muuguzi, maana yake alikuwa haachi hata neno lake moja limpite.

Halafu muuguzi akachukua karatasi, akachora msalaba mdogo kulia na doa jeusi kushoto. Akaniambia nifumbe jicho la kulia, nitazame msalaba kwa jicho la kushoto, niisogeze karatasi polepole bila kuhamisha jicho. Nikafanya. Doa lilikuwepo, lilikuwepo, halikuwepo. Nikasogeza kidogo, likarudi. Nikaangalia nyuma ya karatasi, namshukuru Mungu hakuna mteja wangu aliyekuwepo kuniona.

Akanieleza kwamba kila mtu ana tundu katika kila jicho, pale mshipa unapotoka kwenda kwenye ubongo. Hapo hapaoni kitu. Ila ubongo haupendi tundu, kwa hiyo unatazama kilichopo kando kando na kujaza wenyewe. Kando ni karatasi nyeupe, utajaza nyeupe.

Kilichonishangaza si kwamba doa lilipotea. Ni kwamba pale lilipopotea hapakuwa na pengo. Karatasi ilikuwa nyeupe moja kwa moja, safi, kama doa halijawahi kuchorwa. Miaka yote hii nimetembea na tundu katika kila jicho na sikuwahi kuambiwa, kwa sababu kuna fundi humo ndani anayetia kiraka kisichoonekana mshono. Wanasema macho hayana pazia. Kumbe yana kiraka. Nilikaa pale na karatasi yangu nikajisikia mdogo, na pia, sijui niseme vipi, nikafurahi.

"Sasa ya mama," muuguzi akasema, "tundu ni kubwa, liko katikati, na pembeni hapatoshi kukopa kitambaa. Kwa hiyo ubongo unatoa kwenye stoo yake."

Hakuwa na dawa ya kumpa. Akamwambia wakija aongeze mwanga, apepese macho, au ainuke atembee. Mama akauliza kama ni lazima awafukuze. Muuguzi akasema si lazima.

Tukiwa kwenye bajaji kurudi, mama alikuwa mtu mwingine. Mdomo haukufunga. Akaanza kunisimulia magauni ya wale wanawake: mikono imevimba mabegani, kiuno kiko juu, kifuani kuna mikunjo midogo midogo iliyopangwa kama vigae. Nilimwambia dereva apunguze mwendo. Gauni lile nililishona wiki ile ile, nikalivalisha sanamu ya mbele ya banda, na mteja wa kwanza kulitazama ndiye aliyelichukua. Akaniuliza nimetoa wapi mtindo. Nikamwambia kwa mama.

Jumamosi kaka akafika na gari lenye bodi la nyuma. Tukakaa kikao sebuleni: kaka, shangazi, mimi, na mama mahali pake kwenye kochi, ambapo safari hii alipapasa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa. Karatasi ya muuguzi niliiona haina ladha, kwa hiyo nilishona vifungo viwili, chekundu na cheupe, kwenye kitambaa cha mistari. Nikasimama kama mwalimu.

"Kaka, fumba jicho la kushoto. Tazama kifungo chekundu cha kulia. Sogeza kitambaa taratibu. Cheupe kitapotea."

Kaka akasogeza. "Naviona vyote viwili."

"Sogeza tena."

"Vyote viwili."

Nikaanza kutoka jasho. Shangazi akaguna. Kaka akashusha kitambaa, akaanza, "Kwa hali ilivyo…"

"Umemwambia afumbe jicho silo," mama akasema kutoka kwenye kochi. "Yule binti alisema la kulia."

Kaka akafumba la kulia. Akasogeza, akasimama. Mkono ukabaki hewani. "Heh," akasema. Akasogeza mbele, nyuma, mbele tena. Mtu mzima na tai yake. "Lakini mistari ipo," akasema. "Mistari imeungana, inapita pale pale penye kifungo!"

Shangazi akamnyang'anya. Yeye alipokipoteza kifungo alipiga ukelele, "Yesu wangu!", akakitupa kitambaa, akainama kutafuta kifungo chini ya kochi. Alikuta mbaazi mbili. Ilituchukua muda kumshawishi kwamba sikuwa nimefanya ujanja wa mafundi, na nadhani hadi leo hajashawishika, maana nguo zake sasa anapeleka kwingine.

Kaka alielewa. Alimwomba mama radhi kwa neno kichaa, ambalo hakuwahi kulitamka mbele yake ila alilifikiria, akakiri. Nikadhani tumeshinda. Lakini kaka ni kaka.

"Mama haumwi kichwa, nimekubali," akasema. "Lakini kesho atamkalia nani? Siku mwizi atakapoingia kweli, bila hodi, mama si atampita tu? Atabeba hata luninga, mama anachambua mbaazi. Mimi nitalalaje Dodoma?"

Sauti yake ilikuwa inatetemeka kidogo, na tetemeko lile ndilo lililonimaliza. Anampenda mama kama ninavyompenda mimi, anaishi mbali tu. Shangazi akasema ni sawa. Mimi nikasema ni sawa. Kikao kikaisha na uamuzi kwamba wanaondoka kesho alfajiri, na kaka akaanza kupakia mchana ule ule ili asubuhi wasichelewe.

Akapakia kabati dogo, masanduku, godoro. Mimi nilibaki ndani nafunga vyombo kwenye mashuka, nikilia kidogo bila kelele. Ndipo nikagundua kwamba mama hajaondoka kwenye kochi, na kwamba anakitazama kiti cha baba. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, kando ya dirisha. Sikushangaa kwamba anakitazama. Nilishangaa kwamba anakitazama moja kwa moja. Si pembeni yake, si dirisha, bali kiti chenyewe, macho yote mawili pale katikati.

"Mama," nikamwambia, "ukikitazama hivyo si hukioni?"

"Sikioni."

"Sasa mbona hutazami kando?"

"Nikitazama kando nakiona kiti," akasema. "Kitupu. Nikitazama hivi, pale pana tundu. Na wewe ulimsikia yule binti, tundu halikai wazi."

Nikaweka sufuria chini.

"Mimi najua ni kichwa changu," akasema. "Nilikuwepo kliniki, tena wewe ndiye uliyesahau jicho. Lakini sasa kama ni kichwa changu kinachowatoa hawa watu, kwa nini kinaniletea wanaume nisiowajua? Nimeishi na mwanaume mmoja maisha yangu yote. Koti lake nalijua, kofia yake naijua, namna alivyokuwa anakunja miguu akiketi hapo naijua. Kichwa kinakosa nini cha kumtengenezea? Kwa hiyo mchana nakaa hapa, nakitazama kiti. Nimejiambia siku moja kitaelewa."

Nje kamba zilikuwa zinafungwa, nilisikia kaka anavuta na kupumua.

"Si ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambiaje mbele ya watu?" Akageuza uso, akatazama bega langu. "Huko Dodoma nitatazama wapi? Nyumba ile imejengwa baba yenu ameshakufa. Hapajui."

Nilitoka nje. Kaka alikuwa juu ya gari, mikono imejaa vumbi. Nikamwambia kama mama alivyoniambia, sikupunguza wala sikuongeza. Hakubishana. Hakusema kwa hali ilivyo. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mama ameshamwona, hata mara moja.

Nikamwambia bado.

Kaka akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaanza kufungua kamba.